Adui Hutambuliwa Kwanza, Kisha Hupigwa: Kazi ya Mwanga katika Kuyafichua Maradhi

Kila askari aliyepitia kambi ya mafunzo, awe wa jeshi au wa polisi, amefundishwa tangu siku za mwanzo kwamba risasi haipigwi gizani kwa kukisia. Kwanza adui hana budi kutambuliwa: ijulikane ni nani, yuko wapi, na ana nguvu kiasi gani. Ndipo amri itolewe. Anayefyatua ovyo humaliza risasi zake, humjeruhi mwenzake, na humwacha adui akiwa salama.

Sheria hiyo ya vita ndiyo pia sheria ya tiba. Lakini ni dhahiri kwamba wengi wanaoitii wakiwa na bunduki mkononi huisahau wanaposhikwa na homa. Askari anaamka na baridi mwilini, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma. Hapo hapo anatuma mtu dukani akamletee dawa ya malaria. Hajapimwa, wala hajui anapigana na nani. Anameza vidonge viwili siku ya kwanza. Siku ya pili akijisikia nafuu, vilivyobaki anaviweka mfukoni hadi homa ijayo. Huko ni kupiga risasi gizani.

Katika Kinama, mtaa wenye watu wengi kaskazini mwa jiji la Bujumbura, homa si jambo geni. Mtaa huo uko katika nyanda za chini za Imbo, ambako kuna joto, na mvua inyeshapo maji hutuama na mbu huzaana. Mkazi wa Kinama akishikwa na homa, jambo la kwanza linalomjia akilini ni malaria, na mara nyingi huwa hakukosea. Hata hivyo, homa ya matumbo nayo huanza hivyo hivyo. Kichomi, yaani nimonia, nacho huanza kwa homa. Kikohozi kisichokwisha huenda kikawa mafua, huenda kikawa kifua kikuu. Vipele mwilini vyaweza kuwa tetekuwanga, upele, au ugonjwa wa mpox ulioingia nchini mwaka 2024. Dalili za nje ni kama sare ya kuazima. Yeyote anaweza kuivaa. Je, ni kitu gani kinachoweza kumvua adui sare hiyo na kumwonyesha uso wake? Kwa muda wa zaidi ya miaka 140 jibu limekuwa mwanga.

Askari wana haki ya kujivunia jambo moja katika historia hii. Mtu wa kwanza kukiona kijidudu cha malaria hakuwa profesa wa chuo kikuu, bali daktari wa jeshi. Jina lake lilikuwa Alphonse Laveran, mganga katika jeshi la Ufaransa, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, nchini Algeria. Tarehe 6 Novemba 1880 alichukua tone la damu ya askari mgonjwa, akalitazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya damu aliona viumbe vyenye chembechembe za rangi nyeusi, na kimoja kilikuwa kikirusha nyuzi zinazochezacheza. Hadi siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba malaria huletwa na hewa mbaya ya madimbwi. Laveran alibishiwa kwa miaka kadhaa, lakini hakurudi nyuma, na mwaka 1907 alipewa tuzo ya Nobel.

Mwanajeshi mwingine, Ronald Ross, ofisa wa idara ya tiba ya India chini ya utawala wa Waingereza, ndiye aliyekamilisha kazi hiyo. Tarehe 20 Agosti 1897, katika mji wa Secunderabad, alipasua tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa wa malaria, na kwa hadubini akakiona kijidudu kikikua humo. Tangu siku hiyo ilijulikana adui ni nani na anapanda gari gani.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulifyeka watu wa Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1900 na 1920 watu kiasi cha 250,000 walikufa katika Uganda. Mwaka 1902 na 1903, mjini Entebbe, daktari Mwitalia Aldo Castellani na baada yake daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce walitazama kwa hadubini maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, wakakuta humo vijidudu vyembamba vinavyojinyonganyonga. Kabla ya hapo watu walikufa bila kujulikana sababu. Baada ya hapo ikajulikana kwamba mbung'o ndiye mchukuzi, na kwamba kufyeka vichaka kando ya maji ni sehemu ya tiba.

Ndugu wasikilizaji, chombo hiki kinafanyaje kazi? Mwanga ukipita katika kioo kilichotumbuka katikati, hupinda, na kitu kilicho upande wa pili huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ukipanga vioo viwili vya namna hiyo kwa utaratibu, kimoja karibu na kitu kinachotazamwa na kingine karibu na jicho, ukubwa huzidishwa. Kioo cha chini kikikuza mara 100, na cha juu mara 10, jumla ni mara 1,000. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu 7 au 8 tu za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Kwa macho matupu haionekani kabisa. Kwa hadubini huonekana kama sahani, na kijidudu cha malaria huonekana ndani yake.

Hata hivyo, kukuza peke yake hakutoshi. Chui aliyelala katika majani makavu haonekani hata akiwa karibu, kwa kuwa rangi yake na ya majani ni moja. Vijidudu vingi navyo havina rangi. Mwanga huvipita kama upitavyo katika maji safi. Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta rangi zinazomshika kijidudu na kumtenga na mazingira yake. Mwaka 1904 Gustav Giemsa, Mjerumani wa mji wa Hamburg, alitangaza rangi ambayo hadi leo hutumika katika maabara za dunia nzima na huitwa kwa jina lake. Damu ikipakwa kwenye kipande cha kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, kijidudu cha malaria huonekana kama pete ndogo ya samawati yenye kito chekundu. Mpimaji huandaa tone nene ili kumtafuta adui katika damu nyingi kwa mara moja, na tone jembamba ili kutambua ni wa aina gani. Kisha huhesabu. Hesabu hiyo humwambia daktari kama ugonjwa ni mwepesi au mkali, na siku chache baadaye humwambia kama dawa inafanya kazi.

Siku hizi kuna pia vipimo vya haraka vya malaria, vile vipande vidogo vinavyotiwa tone la damu na kutoa mistari. Vipimo hivyo ni msaada mkubwa, hasa kwa kikosi kilicho mbali na hospitali. Lakini vina mipaka yake. Aina nyingi ya vipimo hivyo hutafuta utomvu fulani wa kijidudu, na utomvu huo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aidha, nchini Eritrea ilibainika katika miaka ya 2010 kwamba baadhi ya vijidudu vimepoteza utomvu huo kabisa, na hivyo vipimo vikasema hakuna malaria ilhali malaria ipo. Hadubini haidanganyiki kwa njia hiyo, kwa kuwa humtazama adui mwenyewe.

Kwa Burundi haya si mambo ya vitabuni tu. Mwaka 2000 na 2001 malaria ilipanda milimani, katika mikoa kama Kayanza na Ngozi, ambako watu hawakuwa wameizoea, na wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 2016 wagonjwa walioandikwa nchini walizidi milioni 8, na mwezi Machi 2017 serikali ikatangaza rasmi kuwa malaria imekuwa janga. Askari anayetoka Mugamba au Bututsi, kwenye baridi, akahamishiwa Imbo au akapelekwa kulinda amani ugenini, huenda na mwili usiomjua adui huyu. Historia ya vita yenyewe ni shahidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yaliyopigana Afrika ya Mashariki yalipoteza watu wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi.

Hatari mpya imekwisha kupiga hodi. Mwaka 2020 wataalamu walithibitisha kwamba nchini Rwanda vimepatikana vijidudu vya malaria ambavyo vimeanza kuizoea dawa ya artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ya sasa. Baadaye mambo kama hayo yalionekana Uganda, na pia katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Hizo zote ni nchi jirani au za jirani. Kila dozi inayomezwa bila kupima, na kila dozi inayokatishwa katikati, humpa adui nafasi ya kujifunza mbinu za silaha hiyo. Silaha ikizoeleka, atakayedhurika si yule tu aliyeitumia vibaya, bali ni mtoto wa jirani yake na kikosi chake kizima.

Baada ya malaria yafaa kuutazama ugonjwa wa pili unaowahusu sana askari: kifua kikuu. Robert Koch, daktari Mjerumani ambaye baadaye alifanya kazi Dar es Salaam na katika visiwa vya Sese, ndiye aliyetangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba ameuona mdudu wa kifua kikuu. Mdudu huyo ana ngozi ya nta, na ni vigumu kumtia rangi. Lakini akiisha kushika rangi haiachi hata akioshwa kwa asidi. Tabia yake hiyo ya ukaidi ndiyo iliyomponza. Makohozi ya mgonjwa hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi nyekundu, huoshwa kwa asidi, kisha huwekwa rangi ya bluu. Kila kitu hugeuka bluu, isipokuwa mdudu wa kifua kikuu, ambaye hubaki mwekundu kama kijiti kidogo.

Njia hiyo ndiyo iliyojenga mpango wa kupambana na kifua kikuu nchini Tanzania tangu mwaka 1977, ambapo daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na wataalamu wa Tanzania. Nguzo za mpango huo zilikuwa rahisi: hadubini wilayani, makohozi kupimwa kabla ya dawa na wakati wa dawa, mgonjwa kuangaliwa akimeza vidonge, na kila jina kuandikwa daftarini. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuzihimiza nchi nyingine ziufuate.

Lakini njia hiyo ya kale ina uzito wake. Mpimaji hulazimika kukitazama kioo kimoja kwa dakika nyingi, akikikagua kipande kwa kipande, na macho huchoka. Hapa ndipo ilipoingia mbinu nyingine ya mwanga, mbinu ya kung'arisha. Kuna rangi ambazo zikipigwa na mwanga wa bluu huumeza, kisha hutoa mwanga mwingine wa rangi ya manjano. Mojawapo huitwa auramini. Mdudu wa kifua kikuu akipakwa auramini na kutazamwa kwa mwanga wa bluu, kioo chote huwa cheusi, naye hung'ara peke yake. Askari yeyote wa doria anaielewa tofauti hiyo. Mchana, mtu aliyejificha porini ni vigumu kuonekana. Usiku, akiwasha kiberiti tu, huonekana toka mbali. Kwa kuwa mdudu huyo huonekana hata bila kukuzwa sana, mpimaji hukagua sehemu kubwa kwa muda mfupi.

Zamani hadubini za namna hiyo zilihitaji taa za zebaki, zenye bei kubwa na zenye kuungua baada ya saa 200 au 300. Zilihitaji pia chumba cha giza na umeme usiokatika. Kwa hiyo zilibaki katika hospitali kubwa. Kisha zikaja taa ndogo za LED, zinazodumu kwa saa zaidi ya 10,000 na zinazoweza kuwashwa hata kwa betri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini zenye taa hizo zichukue nafasi ya zile za kale, kwa kuwa huwafichua wagonjwa zaidi kwa kiasi cha asilimia 10. Faida ya mabadiliko hayo kwa mitaa kama Kinama ni wazi: chombo kilichokuwa mali ya mji mkuu sasa chaweza kusimama juu ya meza ya kituo cha afya cha mtaani.

Kwa nini jambo hili linawagusa askari kuliko watu wengine? Kwa sababu kifua kikuu hupenda mahali penye watu wengi na hewa kidogo. Bweni la kambi, gari la kikosi lililofungwa turubai, chumba cha mahabusu, gereza: hayo ndiyo makao yake. Polisi anayelinda mahabusu huvuta hewa ile ile wanayoivuta mahabusu. Askari mmoja anayekohoa kwa miezi miwili huku akijikaza, kwa kuogopa kuitwa dhaifu au kuondolewa katika orodha ya safari, huweza kuwaambukiza wenzake wa bweni zima na kisha kuupeleka ugonjwa nyumbani kwa mkewe na watoto. Huo si ushujaa. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili ni amri ya kwenda kupima. Na kamanda anayemcheka au kumwadhibu askari wake kwa kupima anamlinda adui bila kujua.

Ni lazima pia kusema kwamba hadubini ina mipaka. Ili mdudu wa kifua kikuu aonekane, mililita moja ya makohozi sharti iwe na wadudu kiasi cha 5,000 hadi 10,000. Mgonjwa mwenye wachache zaidi huambiwa hana kitu ilhali anacho. Ndiyo sababu tangu mwishoni mwa mwaka 2010 dunia imeanza kutumia mashine zinazotafuta chembe za urithi za mdudu huyo. Mashine hizo hutambua ndani ya muda wa saa mbili hivi, na huonyesha pia kama mdudu amekwisha izoea mojawapo ya dawa kubwa. Nazo, ndani yake, husoma mwanga.

Mfano mzito kuliko yote kwa Burundi ni ule wa homa ya chawa, ambayo haifai kuchanganywa na homa ya matumbo. Mwishoni mwa mwaka 1995, wakati wa vita, ugonjwa wa homa kali ulizuka katika gereza la Ngozi. Wafungwa waliugua, wakafa. Kisha ugonjwa ukatoka gerezani na kuenea milimani, katika kambi za watu waliokimbia makwao, mahali penye baridi, nguo chache na maji haba. Wananchi waliuita sutama, jina linalomkumbusha msemaji wa Kiswahili neno kuchutama. Miezi mingi ilipita kabla adui hajatambuliwa kwa jina lake halisi. Makumi ya maelfu ya watu waliugua, na wataalamu wanauhesabu mlipuko huo kuwa mkubwa kuliko yote ya ugonjwa huo duniani tangu Vita Kuu ya Pili.

Ulitambuliwaje? Kwa mwanga. Damu ya wagonjwa ilipelekwa katika maabara ya Marseille, Ufaransa, ambako ilipimwa kwa mbinu ya kung'arisha iliyoanzishwa mwaka 1941 na Albert Coons wa Marekani pamoja na wenzake. Mwili wa binadamu una askari wake, yaani kinga, na kila kinga humjua adui mmoja maalumu. Mpimaji huweka vijidudu vinavyojulikana juu ya kioo, kisha humwagia maji ya damu ya mgonjwa. Ikiwa mgonjwa amekwisha pigana na vijidudu hivyo, kinga zake huvishika na kuving'ang'ania. Ndipo huongezwa rangi ing'aayo ambayo huzishika kinga hizo. Kioo kinawekwa chini ya hadubini ya mwanga maalumu: kikiwa cheusi, mgonjwa hajakutana na adui huyo, kikiwa na nukta za kijani zinazong'ara, adui amepatikana. Zikapatikana alama za homa ya chawa, na pia za ugonjwa mwingine wa chawa ambao ulijulikana kwanza katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tiba yake ilikuwa nyepesi. Homa ya chawa hutibiwa kwa dozi moja tu ya doksisiklini, dawa ya bei ndogo. Waliokufa hawakufa kwa kukosa dawa ya ajabu. Wengi walikufa kwa sababu jina la adui lilichelewa kujulikana. Hilo ndilo somo ambalo kila mlinzi wa gereza, kila mkuu wa kituo na kila mganga wa kikosi anapaswa kulishika. Homa inayowaangusha watu wengi mahali pamoja ni habari ya kutolewa haraka, na damu ichukuliwe kupimwa siku hiyo hiyo.

Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox. Upande wa kaskazini wa Bujumbura, ambamo Kinama imo, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa zaidi, na hadi mwisho wa mwaka huo wagonjwa waliothibitishwa nchini walizidi 2,000. Safari hii adui alikuwa kirusi, na virusi ni vidogo mno kwa hadubini ya kawaida. Tangu mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga una kikomo: vitu viwili vikikaribiana kuliko kiasi cha nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, huonekana kama kimoja. Je, mwanga ulishindwa? La. Ulitumiwa kwa njia nyingine. Katika kipimo kiitwacho PCR, chembe za urithi za kirusi huzidishwa ndani ya mashine: moja huwa mbili, mbili huwa nne, na baada ya mizunguko 30 hupita bilioni 1. Kila zinapoongezeka, rangi iliyotiwa ndani hung'ara zaidi, na jicho la mashine huuona mwanga huo ukipanda. Kwa hiyo vipele vya tetekuwanga na vya mpox, vinavyofanana machoni, hutenganishwa kwa hakika, na kila mgonjwa huwekwa mahali panapomfaa.

Mwanga hautumiki katika maabara tu. Kile kibanio kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa, ambacho asili yake ni kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana, kisha hupima ni kiasi gani kimemezwa na damu. Damu yenye oksijeni humeza tofauti na damu isiyo nayo. Wakati wa ugonjwa wa korona kibanio hicho kiliokoa wengi. Lakini uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kikisema oksijeni inatosha ilhali imepungua. Rangi ya ngozi nayo humeza mwanga, na chombo kilikuwa kimesawazishwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Mganga wa Afrika akitumie, lakini asiache kumtazama mgonjwa anavyopumua.

Huko mbele utafiti unaendelea. Wataalamu wamechukua utomvu ung'aao wa mnyama wa baharini aitwaye kiwavi cha bahari na kuutia katika vijidudu vya maradhi, hata wakaweza kuvifuata vikitembea ndani ya mwili wa panya aliye hai. Ugunduzi wa utomvu huo ulipata tuzo ya Nobel mwaka 2008. Wengine walipata tuzo hiyo mwaka 2014 kwa kukivuka kile kikomo cha Abbe. Na karibu zaidi, katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, wataalamu wameunganisha simu ya mkononi na hadubini na kuifundisha kompyuta kuvitambua vijidudu vya malaria.

Lakini mashine yoyote, kubwa au ndogo, haifanyi kazi bila mtu. Nyuma ya kila hadubini yuko mpimaji anayeinama saa nzima, akitafuta pete moja ya samawati katika maelfu ya chembe. Akikosa rangi safi, akikosa umeme, akiletewa makohozi yaliyo mate matupu, au akiharakishwa na foleni, jibu lake litakuwa la uongo, na daktari atatibu kwa uongo huo. Kwa hiyo hapana budi wapimaji wapewe mafunzo, vifaa na heshima wanayostahili. Kazi yao ni kazi ya upelelezi, na hakuna jeshi lililoshinda kwa kuwadharau wapelelezi wake.

Ndugu askari wa jeshi na polisi, wajibu wa kila mmoja uko wazi. Anayeshikwa na homa apimwe kabla ya kumeza dawa. Anayepewa dozi aimalize. Anayekohoa wiki mbili apeleke makohozi, yatoke kifuani wala yasiwe mate. Aliyeambiwa hana kitu, na bado anaumwa, arudi tena. Kamanda awape watu wake nafasi ya kupima, na asiruhusu mgonjwa kuaibishwa. Mkuu wa kituo cha polisi afungue madirisha ya mahabusu, na atoe habari mara homa inapowashika watu wengi.

Raia wa Kinama humtazama askari na kumfuata. Akimwona anajitibu kwa kukisia, naye atakisia. Akimwona anakaa kwenye foleni ya kituo cha afya, ananyoosha kidole kitolewe damu, na anangoja jibu kwa subira, naye atajifunza kungoja. Anayelinda usalama wa watu hulinda pia afya yao, na katika ulinzi wa namna zote mbili utaratibu ni mmoja: adui hutambuliwa kwanza, kisha hupigwa.